Kopo Lililofunguliwa Makaburini

Kwetu mahindi yanatwangwa na watu wawili. Unaweza kutwanga peke yako, hakuna atakayekukataza, lakini wapita njia wakisikia mchi mmoja wanauliza, "Nyumba hii wengine wako wapi?" Mimi natwanga peke yangu tangu mvua za mwaka jana. Napiga, nangoja kidogo, napiga tena. Pale ninapongoja ndipo mchi wa Tionge ulipokuwa unaingia.

Mchi wake ni mfupi. Baba yake alimchongea kabla hajaenda kutafuta kazi Joni, huko Afrika Kusini, na huko Joni amekaa mpaka leo. Tionge hakuwa akitwanga cha maana, aliyagusa mahindi tu, tena mara nyingine aligonga ukingo wa kinu nikamwambia atanivunjia. Sasa mchi umeegemea nyuma ya mlango. Mchwa wanautamani, kwa hiyo kila nikifagia naugeuza.

Mwanangu ana kifafa. Kilimwanza akiwa anajifunza kutembea. Daktari Msiska wa zahanati yetu ya Kanyimbi alimpa vidonge vidogo vyeupe vya kumeza kila jioni, na vikamtuliza kabisa, hata nikaanza kusahau. Akawa mtoto kama watoto wengine, anapanda mipapai na kutukana mbuzi.

Kisha siku moja nilikwenda zahanati kuchukua vidonge, nikamkuta Bizeki ameketi kwenye benchi la nje. Bizeki ni mfuma vikapu. Naye anaanguka, na katika vijiji vyetu vyote ni yeye na Tionge tu waliokuwa wanatumia dawa ile. Daktari akatoka akasimama mlangoni, mikono mifukoni.

"Bwana Bizeki, mama Tionge," akasema, "rafu ya dawa zenu imebaki ya mijusi."

"Zinakuja lini?" nikauliza.

"Nimeomba. Niliomba hizo wakaniletea glovu. Nikaomba tena, wakaniletea glovu nyingine. Sasa naogopa kuomba."

Bizeki akacheka. "Basi tutazivaa tukianguka, tusichafue mikono."

Hakuna kilichotokea wiki ile. Halafu nikiwa kisimani, Tionge akaangukia jikoni, mkono wake ukaingia motoni. Majirani walikuwapo. Walipiga kelele, wakaniita, lakini hakuna aliyemshika, kwa sababu kwetu wanasema povu la mwenye kifafa likikugusa nawe umeambukizwa. Aliyemvuta ni Bizeki, alikuwa anapita na vikapu vyake kichwani. Nilipofika nilimkuta amekaa chini, amempakata, anampepea mkono kwa kifuniko cha kikapu.

"Mimi povu linaniogopa," akaniambia. "Lete maji, usilie kwanza."

Jioni ile alikuja Mjomba Sikelo. Ni kaka wa mama yangu, na kwetu mtoto ni wa mjomba. Baba akiwapo au asiwepo, neno la mwisho ni lake. Akaketi, akaomba auone mkono, akautazama mpaka Tionge akasinzia.

"Mtoto huyu aende kwa dada yako Enifa," akasema. "Pale wako karibu na misheni. Pale dawa hazikatiki."

"Mpaka lini, mjomba?"

"Mpaka niione dawa hapa kwa macho yangu. Tena iwe dawa ya kukaa, siyo ya kupita."

Ndivyo Tionge alivyoondoka. Kwa Enifa ni ng'ambo ya mto, ni basi na baada ya basi ni baiskeli ya abiria, na mvua zikikolea daraja linazama na hakuna kwenda wala kurudi. Nimekwenda kila nilipoweza, nikaona jino limetoka, safari nyingine nikaona limeota. Siku nyingine zote nilikuwa napanda kichuguu kilicho nyuma ya shule, ambako simu inashika, nampigia Enifa, na yeye anampa mtoto. Hakuwa ananisalimu. Alianza hivi:

"Mama, dawa zimefika?"

"Bado, mama."

"Haya. Leo tumekula dagaa."

Siku moja kabla hajapewa simu nilimsikia anaita, "Mama, nani anapiga?" Alikuwa anamwita Enifa. Kwetu hilo si kosa, dada wa mama ni mama. Lakini zamani alikuwa anasema mama mkubwa. Nilishuka kwenye kichuguu nikasahau kandambili zangu huko juu.

Sasa niseme habari ya kamati. Kabla ya Daktari Msiska zahanati ilikuwa na mtu mwingine, na siku zake dawa zilikuwa zikifika usiku huu, kesho zinauzwa sokoni. Ndipo ikaamuliwa kwamba lori likija, katoni hazishushwi wala hazifunguliwi mpaka daktari awepo pamoja na watu wawili wa kamati, waone kila kitu kinavyotoka. Kijiji kikakaa kuchagua. Wakataka watu wasiopayuka, na kwetu wasiopayuka ni wachimba kaburi, maana wanaona mengi na hawasemi. Wakamchagua Mjomba Sikelo, ambaye ndiye mkubwa wa wachimbaji, na wenzake wawili. Kisha mtu akasema lazima awepo mwanamke, na mke wa mkuu wa kijiji akaninyooshea kidole. "Huyu. Huyu anakaa tu anatazama." Watu wakacheka, nikawa wa kamati. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri juu ya siku ambayo lori na kaburi vitakuja pamoja.

Joto lilikuwa limeshakuwa la kupasua midomo, tunangoja mvua za kupandia, Daktari Msiska aliponiita nikiwa napita na kuni.

"Mama Tionge, tua mzigo."

Nikatua.

"Nimepigiwa simu. Lori limepakiwa, wiki hii linapanda huku. Nimewauliza mara mbili kuhusu dawa ya mwanao, na mara mbili wameniambia imo."

Sikukaa kungoja niione. Nilikwenda na kuni zangu mpaka kichuguuni nikapiga simu. Tionge alipouliza swali lake nikamjibu, "Zinakuja. Funga nguo zako."

Nikamsikia anakimbia, anaita mbali, "Mama mkubwa! Mama mkubwa!" na simu imeachwa wazi, pesa zinakwisha, nami sikuikata.

Kesho yake akafa Bibi Lozaliya, mama wa mkuu wa kijiji.

Kwenye msiba wa mtu kama yule hakuna anayebaki nyumbani wala shambani. Asubuhi vijana walikata matawi wakayatandaza barabarani, pande zote mbili za kijiji, ili mwenye gari apunguze mwendo na mwenye baiskeli ashuke akokote. Wanawake tulikaa chini ndani na nje ya nyumba ya marehemu. Daktari alikuwa kwa wanaume, amevaa tai. Mjomba na wachimbaji walikuwa wamekwenda kichakani kwenye makaburi tangu alfajiri. Bizeki alikaa peke yake penye kivuli cha ghala, na kikombe chake cha togwa hakuna aliyekipokea alipomaliza.

Ndipo nikasikia gari. Milimani kwetu lori unalisikia likiwa bado mbali, linavyobadilisha gia kwenye kona. Wengine walikuwa wanaimba. Mimi nikaacha kuimba nikasikiliza: kona ya kinu cha mashine, kona ya shule, halafu likapunguza. Pale nilipokaa nilikuwa naiona barabara. Lori lilisimama kwenye matawi. Dereva akashuka, akavua kofia, akasimama kwa heshima. Kisha akarudi ndani, akaanza kurudi nyuma ili ageuze.

Nikasimama.

Bibi aliyekuwa karibu yangu akanishika kitenge. "Mama Tionge, maiti haijatoka. Unakwenda wapi?"

"Nakwenda kujisaidia, bibi."

"Kwa kukimbia?"

Nyuma yangu waliacha kuimba upande mmoja. Nilijua wanachosema, sikuhitaji kukisikia.

Nilimkuta dereva kichwa kiko nje ya dirisha anatazama gurudumu la nyuma.

"Poleni na msiba, dada," akasema.

"Ahsante, kaka. Usigeuze."

"Nimeona matawi. Najua huko ndani hakuna wa kunipokea leo. Nitapita siku nyingine."

"Siku gani?"

Akatazama juu ya mlima, mawingu yalikuwa yamejaa. "Ikinyesha sipandi huku."

"Basi hiyo si siku nyingine, ni mwaka mwingine."

Akacheka kidogo, bila furaha. "Nipe daktari na watu wawili wa kamati, nashusha sasa hivi. Nina zahanati nyingine mbele, jua linakwenda."

"Mtu mmoja ni mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

"Na wa pili?"

Nikamwonyesha kichaka cha makaburi. Alikuwa ameshavaa kofia, akaivua tena. "Huko siendi, dada."

"Nani amekutuma uende? Zima gari tu."

Daktari nilimwita kwa jicho. Akaja akijifuta jasho. "Mama Tionge, unataka tufukuzwe kijijini?"

"Wewe wanakuhitaji. Nitafukuzwa mimi. Kaa na huyu asiondoke."

Njia ya makaburini ina jiwe, na kaburi likiwa linachimbwa mwanamke halivuki, wala haiti mtu aliye huko. Nilifika kwenye jiwe nikapiga magoti. Nikasikia jembe linapiga udongo, na wanaume wanapiga soga kama wako kilabuni. Nikaita. Jembe likanyamaza.

"Nani huyo?" Ilikuwa sauti ya mjomba.

"Ni mimi, mjomba. Malita."

"Una wazimu?"

"Lori limefika."

"Rudi ukakae na wenzako."

"Linageuza, mjomba."

"Malita. Nina udongo wa kaburi mpaka masikioni. Kaburi likiwa wazi mkubwa wake haendi popote. Unalijua hilo au hulijui?"

"Nalijua."

"Na dawa za watu hazishikwi kwa mikono kama hii."

Nilikuwa nimeinama, paji la uso karibu na jiwe. Nikasema, "Ulisema uione kwa macho, mjomba. Hukusema kwa mikono."

Mtu akacheka shimoni, sauti ikatoka kama ya mtungini. "Sikelo, mpwa wako amekukamata."

"Chimba wewe," mjomba akamwambia. Kisha nikaona miguu yake kwenye kona ya njia, myeupe kwa udongo, ikasimama hapo. "Waje mpaka kwenye jiwe. Wasilivuke. Na wewe kuku wetu wa faini tutamdai."

Ndivyo katoni za dawa zilivyobebwa mpaka makaburini. Utingo alikataa kushuka kwenye lori, kwa hiyo walibeba dereva na daktari, nami nikabeba nyepesi. Daktari akapasua utepe kwa kisu, akawa anainua kitu kimoja kimoja juu ya kichwa, na mjomba amesimama mbali, mikono nyuma, shingo ameinyoosha kama jogoo.

"Geuza. Hiyo ni ya nini?"

"Malaria."

"Hiyo?"

"Chumvi ya watoto wa kuhara."

"Na zile?"

Daktari akaguna. "Glovu."

"Glovu hizi zinazaana," mjomba akasema, na kule shimoni wakacheka tena, halafu wakakumbuka walipo.

Katoni ziliisha moja baada ya nyingine. Chini kabisa ya katoni ya mwisho daktari aliingiza mkono mpaka begani, akatoa kopo jeupe, akalitikisa. Vidonge vililia. Akaingiza mkono tena, akatazama ndani, akaigeuza katoni juu chini. Likadondoka karatasi la boksi basi.

"Moja?" mjomba akauliza.

"Moja."

"Na mengine?"

"Mimi nabeba tu, baba," dereva akasema.

Kwangu mimi moja lilikuwa tele. Nilikuwa nimeshamwona Tionge anapanda njia ya shule na furushi lake. Mjomba akatikisa kichwa kwamba ameona, akarudi kwenye shimo lake. Nami nikarudi nikakaa penye nafasi yangu, ambayo walikuwa wameiacha wazi, wala bibi yule hakunitazama tena mpaka tulipozika.

Kesho yake tulikutana zahanati. Mjomba ameoga, amevaa koti. Bizeki alikuja na mkewe, NaNkhoma, na huyo mama hakutaka kuingia ndani.

"Dawa hiyo imefunguliwa makaburini," akasema kutoka mlangoni. "Mume wangu haimezi. Imeliona kaburi."

"Mimi nimeyaona makaburi maisha yangu yote," mjomba akamjibu, "na kila msiba unanipikia, tena unanijazia sahani. Ingia, mama."

NaNkhoma akaingia, lakini akakaa karibu na mlango.

Daktari aliweka kopo mezani. Akasema bila mizaha, "Sikilizeni. Kopo hili kwa mtu mmoja linavuka mvua zote mpaka mahindi mapya. Kwa wawili linaishia katikati ya mvua. Wakati huo lori haliwezi kupanda, na daraja liko chini ya maji. Na dawa hizi kuzikata ghafla ni kubaya kuliko chochote. Mmeona."

"Tugawane," Bizeki akasema. "Mungu ataleta."

"Mimi kila nikiomba naletewa glovu," daktari akasema, lakini hakuna aliyecheka.

Mjomba alikuwa ananitazama mimi. Hakusema mtoto wako ana dawa kule aliko. Hakukumbusha kwamba alitaka iwe dawa ya kukaa. Alinitazama tu, akaniachia, na nilitamani aseme yeye, nimchukie, niende nyumbani. Nilimtazama Bizeki. Kwenye shavu lake kulikuwa na kidonda kibichi, alikuwa ameangukia mianzi yake wiki ile. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, mikono ile iliyompakata mwanangu wakati wengine wanapiga kelele. Yeye hana dada karibu na misheni. Hana wa kumpeleka kwake.

"Kopo ni la Bizeki," nikasema.

"Mama Tionge," Bizeki akaanza.

"Nimesema. Mimi ni kamati."

Mkewe akajifunika uso kwa ncha ya kitenge. Daktari akalivuta kopo upande wake taratibu, akasema ataomba tena, ataomba mpaka wamchoke. Nikamwitikia. Nikatoka nje kabla hawajaanza kunishukuru.

Kuku nilimlipa siku hiyohiyo, mwekundu, mtagaji. Wachimbaji walimla kwa mjomba. Jioni mtoto wa mjomba akaniletea kitu kimefungwa kwenye jani la mgomba. Nikafungua nikakuta firigisi. Kwetu firigisi huliwa na mwanamume mwenye nyumba, mwanamke haonji. Niliila nimesimama, nikiwa nimefunga mlango.

Kisha nikapanda kichuguuni. Nilitaka kumwambia Enifa kwanza, lakini simu ilipokelewa na Tionge mwenyewe.

"Mama, dawa zimefika?"

"Zimefika."

"Nimefunga nguo. Mama mkubwa amesema keshokutwa."

"Tionge. Zimefika kidogo. Hazitoshi watu wawili. Amepewa Bizeki."

Nikasikia kuku wa Enifa, na mtu anakohoa mbali.

"Yule wa vikapu?"

"Yule."

"Aliyenitoa kwenye moto?"

"Huyo huyo."

Akafikiri. "Sasa haanguki tena?"

"Haanguki."

"Haya." Nikajua anajikaza, kwa sababu alikuwa anavuta makamasi. "Mama, mchi wangu upo?"

"Upo. Naugeuza kila siku."

"Usimpe mtu."

"Simpi mtu."

"Leo tumekula dagaa," akasema, akakata.

Mvua ilianza wiki ile. Ilipiga mchana na usiku, na tukasikia kwa watu waliotoka bondeni kwamba daraja limezama. Ilipopumzika kidogo nilisogeza kinu chini ya upenu nikamwaga mahindi. Nilipiga, nikangoja, nikapiga. Mkono haukutaka kungoja siku ile. Nikaingia ndani nikautoa mchi mdogo nyuma ya mlango, nikapiga magoti, mchi mkubwa mkono wa kulia na ule mdogo wa kushoto, nikawa napokezana mwenyewe. Si kutwanga kwa maana, mahindi mengine yalirukia matopeni. Lakini sauti ilikuwa ile.

NaNkhoma alikuwa anapita njiani, amejifunika gunia kichwani. Akasimama asikilize, na uso wake ukachanua.

"Mama Tionge," akaita kutoka nje ya ua. "Mtoto amerudi?"

Nikashika michi yote miwili isitoe sauti.

"Bado," nikamwambia.